Mikono ya Bibi, au Zile "Najua" 26

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni mbele ya wapenzi wa nyimbo za zamani waliokusanyika Mwanga, hapa Kigoma mjini. Umeme ulikatika nikiwa katikati, kipaza sauti kikafa, na waliokaa nyuma karibu na mlango wamekuwa wakilalamika tangu siku ile kwamba waliambulia nusu. Nimeyaandika ili nao wapate nusu yao.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, vijana wangu, habari za jioni.

Mwenyekiti amenipa dakika 20 na onyo moja: nisianzie kwa Adamu na Hawa. Basi naanzia kwenye kahawa.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa barazani Ujiji, baada ya swala ya alasiri. Dele lilikuwa limeshazunguka mara mbili na kashata zimebaki unga. Kijana mmoja wa bodaboda, yupo pale nimemwona, akapiga wimbo kwenye simu yake. Nami kwa kujionyesha tu nikasema: mnajua huyu mwimbaji Bill Withers aliwahi kuulizwa ni wimbo upi kati ya alizotunga anaoupenda kuliko zote, naye akautaja "Grandma's Hands," mikono ya bibi? Si ule uliompa jina, si ule ulioimbwa dunia nzima. Huo, mfupi, wa dakika 2 hivi.

Fundi wetu wa cherehani akaweka kikombe chini. Akasema, "Basi amekosea."

Tukamuuliza, nani kakosea?

"Bill Withers."

Kwenye nyimbo zake mwenyewe?

"Kwani mpishi hawezi kukosea chungu kipi kimemwivia?"

Ndugu zangu, hapo ndipo balaa lilipoanza. Kesho yake ubishi ulikuwa umefika Kibirizi kwa wauza dagaa. Keshokutwa yake mama mmoja wa saluni alinisimamisha njiani kunieleza msimamo wake, na sikuwa nimemuuliza. Sisi watu wa Kigoma ubishi wa nani zaidi tumeuzoea. Mkoa wenye damu ya Alikiba na Diamond kwa pamoja utaacha kubishana lini? Ila huu ulikuwa na utamu mwingine. Hatukuwa tunabishana mwimbaji gani zaidi. Tulikuwa tunabishana na mwimbaji mwenyewe, tena hayupo kujitetea. Alifariki tarehe 30 Machi 2020, akiwa na miaka 81.

Kwa vijana mnaomjua kwa sauti tu, nimweleze kidogo. Alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia, Marekani, mtoto wa mwisho kati ya sita. Akakulia mji wa jirani, Beckley. Baba alifariki yeye akiwa na miaka 13. Alikuwa na kigugumizi, na hicho mkishike, nitakirudia. Akaingia jeshi la majini, akakaa miaka 9. Alipotoka akaenda Los Angeles, akaajiriwa kiwandani akitengeneza vyoo vya ndege. Ndiyo, vyoo. Santuri yake ya kwanza, "Just as I Am," ilitoka mwaka 1971 akiwa na miaka 32, umri ambao siku hizi msanii anaitwa mkongwe. Ukitazama jalada lake utamwona amesimama pale pale kiwandani, kisanduku cha chakula mkononi. Picha ilipigwa wakati wa mapumziko ya mchana. Alikuwa hajaacha kazi, kwa sababu mambo ya muziki hakuyaamini.

Mimi huyo mtu nilimpenda kabla sijaisikia sauti yake vizuri. Ni kwa ajili ya kile kisanduku.

Na sisi huku tulimpataje? Wazee mtakumbuka kwamba soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, haikuja nchini kwetu kwa mlango wa mbele. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, vita dhidi ya vimini, suruali za kubana na mawigi. Mwaka uliofuata, Novemba 1969, Dar es Salaam ikapiga soul marufuku, muziki wenyewe, madansi yasipigwe. Sicheki wala silaumu, kila zama zina hofu zake. Lakini Kigoma ina dirisha lake. Mbele yetu ni ziwa, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Enzi zile redio ukiigeuza kidogo usiku ulipata Bujumbura, ukiigeuza kidogo tena ulipata sauti za Zaire, ndiyo Kongo hiyo hiyo. Boti zinatoka Kalemie, Uvira na Baraka, na boti haibebi vitenge peke yake.

Septemba 1974 nilikuwa na miaka 18. Zaire nzima ilikuwa inasubiri pambano la Muhammad Ali na George Foreman, na kabla ya pambano likafanyika tamasha la siku tatu Kinshasa. James Brown alikuwepo. B.B. King alikuwepo, Miriam Makeba, Celia Cruz na wenzake wa kundi la Fania, Franco na Tabu Ley wakiwa wenyeji. Na huyu mtengeneza vyoo vya ndege naye alipanda jukwaani na gitaa lake. Foreman akachanika mazoezini, pambano likasogezwa mpaka Oktoba 30, lakini wanamuziki walikuwa wameshafika, wakapiga. Kati yetu na Kinshasa kuna Kongo nzima, najua, lakini sisi tulijiona kama tupo uani na sherehe iko sebuleni.

Santuri yenyewe niliipata baadaye. Mimi ni fundi redio, wengi wenu nimewafungulia redio zenu na kukuta mende. Baharia mmoja wa boti za Kalemie alikosa hela ya matengenezo, akaniachia santuri mbili katika jalada moja, akasema ataifuata. Hajaifuata mpaka leo. Ilikuwa onyesho la Bill Withers la Oktoba 1972 katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Ya pili ilikuwa na mkwaruzo. Ya kwanza ilikuwa safi. Nalisema hili mapema ili mjue upande wangu umetokea wapi, maana fundi cherehani ananishuku.

Tuje kwenye kesi.

Wapo waliosimama na "Lean on Me," na hao ndio wengi. Mwalimu wa kwaya wa kanisani alinionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. Alikaa kwenye kinanda akaweka vidole, akapanda ngazi: do, re, mi, fa. Akashuka. "Umeusikia?" Nikausikia. Ndivyo ulivyozaliwa; Bill Withers alikuwa amenunua kinanda kidogo, hajui sana kukipiga, akawa anapandisha na kushusha vidole tu, mpaka maneno yakamjia juu yake. Mwaka 1972 ukashika namba moja Marekani kwa wiki tatu. Mwaka 1987 kundi la Club Nouveau likauimba upya, ukashika namba moja tena. Mwalimu anasema wimbo ambao kwaya ya wasiojua kuimba inaweza kuuimba bila kuuharibu, huo ndio mkubwa. Simpingi. Nasema tu kwamba wimbo wa kila mtu unafika mahali hauna mwenyewe. Ukiusikia leo harusini humfikirii Bill Withers, unamfikiria bwana harusi.

Wapo wa "Lovely Day" ya mwaka 1977, hasa hawa vijana, kwa ajili ya ile pumzi ya mwishoni. Anaishika sauti moja sekunde 18. Juzi pale stendi vijana watatu waliijaribu, mmoja akafika sekunde 11 akakaa chini. Ni pumzi kubwa. Lakini pumzi ni mapafu.

Wa "Just the Two of Us" nawaomba radhi, sitakaa kwenu muda mrefu. Dada yangu wa saluni, wimbo ni mtamu, lakini ile ni santuri ya mpiga saksofoni Grover Washington, na kwenye utunzi Bill Withers yuko na wenzake wawili. Hatuwezi kumshindanisha mtu na mtoto wa ubia.

Anabaki fundi cherehani na "Ain't No Sunshine."

Huyu nilimdharau mwanzoni, nakiri. Nilidhani atatuletea sababu ya kila mtu, kwamba ndio uliomtoa, kwamba ulipata tuzo ya Grammy mwaka 1972. Akaleta jingine. Mnaijua ile sehemu ya katikati ambapo mwimbaji anaacha kuimba hadithi, anabaki anarudia neno moja, najua, najua, najua. Zihesabuni, ni mara 26. Historia yake ni kwamba pale palikuwa pa kuwekwa maneno mengine. Bill Withers mwenyewe alikusudia kuyaandika. Waliokuwa studio, wazoefu, wakiongozwa na mtayarishaji Booker T. Jones, wakamwambia acha hivyo hivyo. Naye alijiona ni mfanyakazi wa kiwandani tu mbele ya mabingwa, akaacha. Tena wimbo wenyewe ulitoka ukiwa upande wa pili wa sahani, upande wa kwanza ulikuwa wimbo mwingine. Maredio ndiyo yaliyoigeuza.

Sasa sikieni fundi alivyosema. Na ameniruhusu kulitaja hili, nimemwomba ruhusa mara mbili. Fundi wetu ana kigugumizi tangu utotoni. Kikimshika kwenye herufi ya k, tunasubiri. Akasema hivi, polepole: "Nyinyi mnasikia neno linarudiwa. Mimi namsikia mwenye kigugumizi amepata mahali pa kurudia neno moja mara 26 na hakuna anayemcheka."

Baraza zima likanyamaza. Hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe.

Ndugu zangu, mimi fundi redio nimesikiliza wimbo huo kwa zaidi ya miaka 40, nimeutumia kupimia spika, na jambo hilo halikuwahi kuniingia kichwani. Sijui kama Bill Withers mwenyewe angekubali. Lakini ni hoja, na hoja ya namna hiyo haijibiwi kwa tuzo wala kwa namba za chati. Nilirudi nyumbani nimeshindwa. Mke wangu aliniuliza kuna msiba wapi.

Usiku ule nikaketi na "Mikono ya Bibi," ile ya studio ya mwaka 1971, nikaisikiliza kama ninavyoisikiliza redio mbovu: nafuta kila ninachokijua, nasikiliza kinachotoka.

Inaanza kwa mguno. Hana neno, anaguna tu puani, na gitaa chini yake. Mguno huo vijana mnaujua bila kujua kwamba mnaujua. Mwaka 1996 kundi la Blackstreet lilichukua kipande kile likajengea "No Diggity." Siku ile barazani kijana wa bodaboda aliruka: "Mzee, huu si wa Blackstreet huu?" Nikamwambia, mwanangu, umemjua mjukuu kabla ya bibi.

Halafu hauna kibwagizo. Angalieni hilo, mtunzi huyu ndiye yule yule wa "Lean on Me," kibwagizo anakijua kukitengeneza. Hapa hakukiweka. Kila kinachofuata kinaanzia kwenye mikono ile ile. Mikono iliyopiga makofi kanisani Jumapili asubuhi. Mikono iliyopiga tari. Iliyomwonya mtoto asikimbie, kuna vioo, kuna nyoka kwenye majani. Mikono iliyouma wakati mwingine ikavimba. Na mwisho anasema bibi hayupo tena, na kwamba yeye akifika mbinguni ataitafuta ile mikono.

Haelezi sura ya bibi. Hasemi alikuwa mrefu au mfupi. Na hasemi hata mara moja kwamba alimpenda. Nilirudisha mara nne kuhakikisha.

(Hapa ndipo umeme ulipokatika.)

Tuendelee tu, sogeeni karibu. Bibi zetu hawakuwa na kipaza sauti na tuliwasikia mpaka kwa jirani.

Nilikuwa nasema hasemi alimpenda. Sasa nilipofika hapo nikajitilia shaka mwenyewe. Nikajiuliza, wewe unausikia wimbo au unamsikia bibi yako? Maana mimi nami nilikuwa na bibi. Alikuwa mkamuaji wa mawese, kule juu kwenye michikichi. Anachemsha ngazi, yaani matunda ya mchikichi, kwenye pipa tangu alfajiri, anatwanga kwenye kinu, anakamua, anaengua mafuta, na mise, zile kokwa, hazitupwi, zinangoja kubanguliwa. Viganja vyake vilikuwa na rangi ya machungwa kwenye mistari. Siku ya Idi alivisugua kwa jivu na ndimu na bado rangi ilibaki pale kwenye mistari. Akikufinya sikio, sikio linanukia mawese mpaka jioni na wenzako shuleni wanajua umefinywa. Kwa hiyo mtu kama mimi ukimwekea wimbo wa mikono ya bibi umeshamhonga. Si shahidi wa kuaminika.

Nikatafuta shahidi asiyehongeka. Nikampata Kibirizi, mama mmoja anauza migebuka. Nilipomwambia habari za wimbo akacheka. "Baba, bibi yangu mimi alikuwa pilipili. Hakuwahi kunibeba. Alinilea kwa fimbo, na alipokufa nililia kwa kuwa watu wanatazama. Huo wimbo wako unanihusu nini?"

Nikasema mama, nifanyie hisani, sikiliza tu. Nikaweka, nikawa namtafsiria kidogo kidogo huku anageuza samaki juani. Makofi kanisani, akaitikia mh. Tari, mh. Nyoka kwenye majani, mh. Tukafika pale ambapo mikono ya bibi inamtuliza binti mmoja wa mtaani aliyezaa hajaolewa. Bibi anamwambia anaelewa kwamba kweli alimpenda yule mwanamume. Mama akaacha samaki.

Akasema, "Huyo bibi hakumuuliza mimba ya nani."

Basi. Hakusema zaidi, nami sikuuliza zaidi, na mteja akaja akataka kupunguziwa bei.

Kwa siku mbili nilitembea na maneno hayo. Kwa sababu mama yule hakuwa na bibi wa kumkumbuka, na wimbo ulimfikia hata hivyo, ukimpitia mlango ambao mimi sikuwahi kuuona. Hapo nikajua kwamba Bill Withers hakuwa amechagua kwa kuhongwa na kumbukumbu zake. Ameweka ndani ya dakika 2 mtu mzima kamili, mwenye dini na mwenye huruma kuliko desturi za dini yake, anayeumwa na bado anatumwa na kila mtu, na amefanya hivyo kwa kuonyesha viungo viwili tu vya mwili wake. Mwenye kuandika anajua ugumu wa kazi hiyo. Kurudia neno mara 26 ni kipaji, nakubali, lakini kipaji kile kilisaidiwa na bahati na ushauri wa wakubwa studio. Huu sijasikia kwamba alishauriwa na mtu.

Nilimpelekea fundi hoja hiyo nikiwa nimenyoosha shingo. Akainamia cherehani yake, akamaliza pindo la suruali, akasema: "Sawa. Wimbo nimekubali. Lakini sisi tunabishana rekodi, hatubishani wimbo. Wimbo ni maneno na sauti. Rekodi ni siku ile, chumba kile, koo lile. Rekodi ya 'Ain't No Sunshine' ni bora kuliko rekodi ya 'Mikono ya Bibi.' Zote za santuri moja. Bisha."

Wazee wangu, mtu aliyekosea mara moja kuhusu fundi huyu hapaswi kukosea mara ya pili. Alikuwa na haki. Ile ya studio imekatwa mapema mno. Unaingia, unakaa, na kabla hujavua viatu umeshaambiwa kwaheri. Ndipo nilipokumbuka santuri ya baharia.

Nimewaambia kwamba mimi wimbo huu niliujua kwanza kutoka Carnegie Hall. Mule hauanzi na mguno. Unaanza na maongezi. Bill Withers anasimama mbele ya ukumbi uliojaa na anaongea. Anamweleza bibi yake, alivyokuwa akienda naye kanisani, kanisa lenyewe lilivyokuwa, na watu wanacheka, si kicheko cha adabu, ni kicheko cha watu walioshikwa. Enzi zile Kiingereza changu kilikuwa cha kusomea lebo za betri. Sikuelewa kitu. Nilidhani maongezi yale ni sehemu ya wimbo, nikawa nayasubiri kama mtu anavyosubiri ubeti. Baadaye padri mmoja alinitafsiria, akacheka mpaka akavua miwani.

Sasa kirudisheni kile kigugumizi nilichowaambia mkishike. Kilimwandama mpaka alipokaribia miaka 30. Jeshini alikuwa nacho. Mtoto wa kijiji cha makaa ya mawe, asiyeweza kumaliza sentensi mbele ya wenzake, na katika watu wazima waliomzunguka alisema bibi ndiye aliyemwamini. Wewe fundi ndiye uliyenifundisha kusikiliza kwa sikio hilo, kwa hiyo vumilia nilitumie dhidi yako. Kwenye "Ain't No Sunshine" mwenye kigugumizi amepata mahali pa kujificha, anarudia neno moja ndani ya muziki na muziki unamfunika. Carnegie Hall hakuna muziki wa kumfunika. Ni yeye na hewa na maelfu ya macho. Anaongea sentensi baada ya sentensi, anawachekesha, hana haraka, na anayoyaongea ni habari za bibi yake. Halafu ndipo anaguna, gitaa linaingia, na wewe unajua ile mikono ilifanya kazi gani kabla hajataja hata neno moja la wimbo.

Ile ya studio ni wimbo kuhusu mikono ya bibi. Ile ya 1972 ni kazi ya mikono yenyewe, imesimama jukwaani inaongea.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na naomba uandikwe kwenye daftari la mwenyekiti. Bill Withers alichagua sawasawa wimbo. Rekodi, kama ningekuwa naye barazani Ujiji, ningemwuliza ni ipi, na angenitajia ile ya santuri ya kwanza ningebishana naye mpaka dele likauke.

Fundi cherehani atanijibu, zamu yake inakuja. Ameniambia ana jambo kuhusu namna Booker T. alivyoweka fidla kwenye "Ain't No Sunshine," na kwamba safari hii hataniachia mwanya. Nawaomba akishikwa kwenye k, msimmalizie neno. Mnamkosea mnapommalizia.

Lakini kabla hajasimama, mitambo haina umeme na mimi nimewaongelea wimbo nusu saa bila kuwasikilizisha. Kijana wangu wa bodaboda, ile spika yako ndogo ina chaji? Lete hapa, weka juu ya meza. Tafuta ile ya Carnegie Hall, siyo ile fupi. Maongezi ya mwanzo usiyaruke. Mama wa Kibirizi, njoo huku mbele, wewe na fundi, kaeni karibu na spika.